USI—

Chupa kumi na saba, Ndewario,
ndani ya sanduku la chai, zimefungwa magazeti
yaliyokauka kama majani ya mgomba.
Tangu duka la baba lifungwe pale Kiusa
hakuna aliyezigusa ila vumbi.

Weka koleo chini.
Naujua mkono wako wa gereji:
kilichokugomea hupigwa, au hukatwa.
Kioo hakigomi. Kioo hukaa kimya,
halafu siku moja kinakuingia kiganjani
hadi kwenye mshipa.

Vaa glovu. Vaa na ile miwani ya kusagia vyuma,
cheka ukitaka.
Hii ya buluu nimeiinua dirishani, ni tupu,
hii tunaweza kuizungumzisha:
tone la mafuta ya nazi kwenye mshono,
pale kizibo kinapokutana na shingo.
Kesho tone jingine.
Keshokutwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu,
shingoni tu,
kama mama alivyotukanda tulipougua matumbwitumbwi.
Si moto wa jiko. Si maji yanayotokota;
ni Julai, na Moshi nzima imelala na baridi ya mlima.
Kisha mpini wa mwiko: ngo, ngo,
upande huu, upande ule,
sikio likiwa karibu kuliko mkono.

Ila ile ya kahawia, kule stoo, usiisogelee.
Lebo imeliwa na mende,
zimebaki herufi tatu za mwandiko wa baba: USI—
Usi nini, hakuna wa kutuambia.
Shingoni pameota fuwele za njano,
zinameta kama chumvi iliyopakwa manjano.
Msuguano mdogo tu unazitosha.
Nimefunga mlango. Watoto wako Rau kwa shangazi Eliambora.
Mkemia wa hospitali hakuniuliza mara mbili.

Wakaja watatu. Wakaitoa kwenye ndoo ya mchanga,
mwendo wao wa kubeba jeneza,
na jirani akazima redio bila kuombwa.

Siku ya nne kizibo cha buluu kikalegea,
chenyewe, kama mtu anayevuta pumzi.
Chupa tupu, lakini harufu ilikuwemo:
karafuu.
Jino langu la darasa la tatu. Kidole cha baba.
Ndewario akatoka nje, akasema ni vumbi.

Zimebaki kumi na tano.
Sijui waliipeleka wapi ile nyingine, wala sikuuliza.
Usiku nalitafutia mwisho neno lake.
Usifungue. Usisahau.
Usiharakishe, mwanangu.
Hakuna linalotosha kwenye ule upana wa karatasi.