D Jumlisha

Barua imekuja na muhuri wa zambarau:
mwaka wa pili, Septemba, Maseno.
Kozi kumi na nne nilizopeleka
wamepokea tisa.
Tano wamezirudisha kama sarafu mbovu,
na mojawapo ni Pampu na Mabomba.

Pampu!
Mimi niliyelala chali chini ya pampu kule Ahero
siku tatu za mafuriko, matope hadi masikioni,
mpaka maji yakapata njia ya kutoka
na mpunga wa watu ukapumua.
Nimecheka. Kisha nikaacha kucheka.

Mwaka ule matokeo yalipotoka
baba mdogo aliyasoma kwenye simu
kwa sauti ya mtu anayesoma tanzia:
"Ni D. Halafu kuna alama ya kujumlisha."
Mama, anachambua omena, akauliza,
"Wamejumlisha nini?"
Hakuna aliyemjibu.

Swali hilo nilikwenda nalo Kibos,
chuo cha ufundi, karakana ya mabati,
harufu ya molasi
ikituingia kwenye mkate na kwenye hesabu.
Cheti kwanza. Kisha stashahada.
Ndipo Bi. Kageha akabandika karatasi mlangoni,
majina kumi na mawili, bila maelezo
ila haya: Jumamosi, saa moja asubuhi. Njoo na rula.

Hatukuwa majogoo wa darasa.
Mukabwa alikuwa akisambaza mitungi ya gesi.
Apondi alinyonyesha katikati ya kalkulasi,
na mtoto alikuwa na desturi ya kulia
kila tulipokaribia jibu.
Mimi, na D yangu, nilikaa karibu na mlango
ili kutoka kuwe rahisi.

Bi. Kageha hakutusifu hata siku moja.
Alitupa mitihani ya zamani ya chuo kikuu,
amekata vichwa vya karatasi kwa mkasi
tusijue tunapigana na nani.
Tulipokuja kujua, tulikuwa tumezoea.

Na kila kozi alituamuru tuiwekee ushahidi:
saa tulizosoma, kurasa, jina la kitabu,
sahihi ya mwalimu, hata ya yule aliyehamia Kitale
ambaye tulimfuata kwa mvua.
"Hawatawauliza mnajua nini," alisema.
"Watawauliza kimeandikwa wapi."

Watu huniambia ni bahati.
Bahati haina faili.

Faili la Mukabwa bado liko rafuni,
jina limetazama nje.
Aliacha muhula wa pili, wadogo zake watatu
walipofukuzwa shule siku moja kwa ajili ya karo.
Sisemi alishindwa. Alipiga hesabu,
akajiondoa yeye.
Nikipita Kondele nikasikia mitungi inagongana
huwa sigeuki.

Jana nimepeleka fomu ya kukubali nafasi.
Pale barabara inapokata ikweta
niliteremka kwenye pikipiki, nikasimama,
mguu mmoja kusini, mmoja kaskazini.
Sikuhisi kitu.
Mwenye pikipiki akaniuliza nimepoteza nini.
Nikamwambia, nahesabu.
Akasema muda pia unalipiwa.

Jioni nikampigia Bi. Kageha.
Nikamwambia tisa, akasema vema.
Nikamwambia pampu wameikataa.
Akanyamaza kiasi cha mtu kuvua miwani na kuifuta.

"Utairudia," akasema.
"Mwalimu akikosea, inua mkono pole pole,
mwache amalize sentensi."

Nikadhani amekata.

"Na Agutu," akasema,
"huko usikae karibu na mlango."