Chembe za Lamara

Nilizipokea Jumatano, ndani ya chupa ya jemu:
vijiko viwili vya kitu cheupe chenye vifundo,
kama koliflawa iliyonyeshewa ikajikunyata.
Lamara, aliyekuwa akininyoosha goti pale kliniki,
mkataba umekwisha, masanduku yako mlangoni,
alinishika mkono: "Zinyweshe maziwa kila siku.
Usiziogeshe kwa maji ya bomba. Usizifunge kwa nguvu,
zinapumua."

Zuwena akachungulia juu ya miwani:
"Sasa umeanza kufuga makamasi?"

Mimi niliyefundisha hesabu miaka thelathini na moja,
Ibra, Samaili, mwisho hapa Mabela,
sikuwahi kuchemsha chai bila kuuliza majani yako wapi.
Nikanunua maziwa ya Barka, yenye mafuta yake yote,
na chujio la plastiki (chuma, aliniambia, hazikipendi).
Nikafunika mdomo wa chupa kwa karatasi ya kahawa,
nikaikaza kwa mpira wa nywele wa mjukuu,
nikaandika katika daftari la mistari:
Saa mbili usiku. Nyuzi ishirini na sita. Bismillahi.

Asubuhi hakuna kitu. Maziwa ni maziwa.
Saa nane mchana nilipoinamisha chupa
hayakumwagika. Yaliteleza
mazito, yote pamoja, kama mtu anayejigeuza usingizini.
Nikachuja, nikaonja. Ulimi ukasimama.
Uchachu wa mtindi, ndiyo, lakini chini yake
kitu kinachonyota, kijidundo cha hamira,
kama mtoto mtundu anayesema kweli mbele ya wageni.

Kisha, katikati ya Juni, kiyoyozi cha jikoni kikafa.
Fundi Shabbir akasema kesho. Kesho yake akasema kesho.
Nje nyuzi arubaini na saba, lami inang'ata kandambili,
na ndani chembe zinafanya kazi ya siku mbili kwa saa tano.
Nikaikuta kefiri imeachana:
chini maji ya rangi ya ndimu iliyolala,
juu bonge limeelea, limepasuka katikati.
Nilisimama na kijiko mkononi,
mzee wa miaka sitini na sita,
nikiiomba radhi chupa ya jemu.

Zuwena ndiye aliyeleta shashi,
kipande kilichobaki aliposhona kanzu ya akika ya Rayyan.
"Bibi yangu kule Wete hakumwaga kitu," akasema.
"Kilichoganda hakijaharibika. Kimeamua."
Tukazitoa chembe kwanza, moja moja, kwa kijiko cha mti.
Tukamimina, tukakusanya pembe nne, tukafunga,
tukaning'iniza kwenye kitasa cha kabati, bakuli chini yake.

Usiku kucha: tone.
Tone.
Goti liliniamsha, nikaketi jikoni nikihesabu.
Sekunde nne kwa tone, halafu saba,
halafu nikapotewa na hesabu
na, ajabu, sikuanza upya.

Alfajiri shashi ikafunguliwa:
jibini, ukubwa wa ngumi,
ina alama za nyuzi mwili mzima, kama shavu lililolalia mkeka.
Chumvi. Zaatari. Mafuta ya zeituni kiasi cha kung'aza.
Mkate wa rakhal unaovunjika kabla hujaugusa,
na tende za fardhi, nyeusi, pembeni.
Mvumilivu hula mbivu, nilikuwa nikiwaandikia wanafunzi ubaoni.
Mimi nimekula iliyopitiliza,
nikashiba.
Zuwena hakusifu. Alipangusa sahani kwa ukoko wa mwisho:
"Kesho ning'iniza mbili."

Sasa ni Desemba na chembe zimefika vijiko saba.
Sijui ipi mama, ipi mwana.
Haitham wa nyumba ya pili kachukua zake kwenda nazo Sur,
Shabbir kaomba, nikampa, ingawa nilisema kesho.
Jana Lamara ameleta picha:
dirisha, theluji, paka mnene.
Chini yake ameuliza tu: Je?

Nilifuta sentensi tatu.
Mwisho nikaandika:
Zinakula.