Safu ya Tatu

Daftari lilikuwa na safu mbili:
kilichoingia, kilichotoka.
Ndivyo nilivyofundishwa uhasibu kule Kasulu,
na ndivyo nilivyoandika miaka kumi na mmoja
katika kiwanda cha mawese cha Simbo,
juu ya meza yenye doa la mafuta
lisilotoka hata kwa majivu.

Tausi Buhanza aliporithi mashine za baba yake
hakuulizia kwanza funguo za sefu.
Alishuka hadi kijitoni, nyuma ya matanuru,
akachota maji kwa kopo la maziwa ya unga,
akaja kulitua juu ya hesabu zangu.
Maji ya kahawia, utando juu, harufu ya pipa la juzi.
"Hili," akasema, "umeliandika wapi?"

Sikuwa nimeliandika popote.

Akachukua rula yangu, akapiga mstari.
Juu ya safu mpya akaandika kwa herufi kubwa:
WANAOTUDAI NA HAWAJAZALIWA.

Nilicheka kimoyomoyo. Nani humlipa mdai
asiye na jina, asiye na namba ya simu?
Akiba haiozi, bosi, nikamwambia.
Akanijibu bila kuinua macho: "Mto unaoza."

Mwaka ule tuliacha kununua kuni.
Malori ya milimani, yamesheheni miti ingali inatoa utomvu,
yaligeuziwa getini, madereva wakitutazama
kama watu waliorogwa.
Tukachoma makapi, tukachoma maganda ya mise,
vitu tulivyokuwa tukilipa vijana wakavitupe.
Moto ulisumbua wiki tatu. Fundi Ntakije
aliunguza nyusi, akalitukana tanuru kwa Kiha,
akalitoboa tundu upande wa upepo,
likakubali.

Tope la mawese tukalichimbia shimo,
tukalifunika turubai jeusi. Likavimba usiku kucha
kama unga wa maandazi,
na asubuhi chai ya wafanyakazi ilichemka kwa pumzi yake.

Halafu miche.
Miche elfu sita ya tenera, kwa mkopo,
kwa wakulima wa Mahembe na wa mabonde ya nyuma,
walipe mti utakapozaa.
Miaka mitatu. Pengine minne.
Sentensi hiyo niliisoma mara mbili, kisha nikavua miwani.
Bi Nyabenda, meno mawili, jembe begani, aliuliza:
"Na nikifa kabla?"
"Mti hautakuwa na habari," Tausi akasema.
Bibi akacheka mpaka akakaa chini.
Alichukua arobaini.

Mnunuzi wetu wa Kahama hakucheka.
Alihamia kwa jirani, kijito kile kile, chini yetu kidogo,
anayechoma msitu bado na kuuza rahisi.
Machi ile mishahara ilichelewa siku kumi na tisa.
Wapakiaji wawili waliondoka bila kuaga.
Tausi akauza gari la marehemu,
akawa anakuja kazini na viatu mkononi,
tope mpaka vifundoni, na hakutupa methali hata moja
ya kutufariji.
Nilimchukia, Machi ile.
Naliandika hapa kwa kuwa daftari halina mahali pake.

Sasa ni mwaka wa nne. Sitadanganya, kazi yangu ni tarakimu:
safu ya pili bado inaizidi ya kwanza,
ingawa si kwa ukurasa mzima kama zamani.
Chikichi za Bi Nyabenda zimetoa mikungu ya kwanza,
midogo, kama ngumi ya mtoto anayekataa kunyang'anywa kitu.
Mwenyewe yupo. Anazihesabu kila Ijumaa
na kunipigia simu nihesabu naye.

Jana niliteremka kijitoni kunawa wino.
Chini ya jiwe akatoka kaa,
ukubwa wa kifungo cha shati,
akanipima, akarudi kinyumenyume
kama mtu aliyemkuta mgeni chumbani kwake.

Nilipanda ofisini. Hakuna aliyenituma.
Nikafungua safu ya tatu, nikaandika tarehe,
nikaandika: *Tumelipa. Kaa mmoja.*
Penye kiasi nikashika kalamu muda mrefu,
mpaka king'ora cha saa kumi kikalia,
nikapaacha wazi.