Tisa Inayohama

Baba yangu, Kaseba fundi, alipima kitambaa akihesabu
uno, dos, tres,
nami nikadhani ni maneno ya cherehani,
kama waashi walivyo na yao, na wachimba shaba yao.
Nikayarithi pamoja na mkasi
na deni la nyuzi pale Kamalondo.

Mwaka huu, msimu wa vumbi jekundu,
alikuja mtu wa mgodini, mpima miamba kutoka Peru,
suruali imechanika goti.
Nikainama na futi yangu: kuatro, sinko, sesh,
siete, ocho, mueve,
akaruka kama aliyechomwa sindano.
Sindano bado ilikuwa mdomoni mwangu.

"Mama, lugha ya kwetu umeiokota wapi?"

Nikamwambia ninachojua, nacho si kingi.
Palikuwa na duka nyuma ya posta,
la Bibi Bulisa Amato, Myahudi wa kisiwa cha Rodo.
Wazee wa wazee wake walifukuzwa Uhispania:
nyumba wakaziacha, hesabu wakaondoka nayo.
Aliwakopesha vitenge wake za wachimbaji,
majina yao akayaandika katika daftari
lililosomwa kutoka kulia.
Nusu ya Kamalondo iliingia shule
kwa kaptula za veranda ile, mshono wa baba.

Sisemi alikuwa malaika.
Baba alikula bukari yake uani, miaka kumi na mmoja,
hata siku za mvua.

Kisha mwaka wa sabini na tatu
maduka wakapewa wenye nchi,
na mwenye nchi aliyepewa lile
aliuza mpaka rafu.
Bibi aliondoka na sanduku moja.
Baba akabaki na mkasi, na namba.

Mgeni akacheka, halafu akaacha.
"Kwetu tisa ni nueve.
Hiyo yako, mueve, maana yake inasogea.
Inahama."

Nililishona goti lile polepole.
Tisa iliyovuka bahari mbili,
ikapanda treni ya shaba,
ikashuka chini ya bomba la moshi
na kulala kinywani mwa Mlamba
ambaye maji makubwa aliyoyajua ni mto Kafubu.

Bei yangu ni elfu saba.
Nikasema tisa, nimsikie.
Akaziweka mezani noti moja moja, akihesabu kwa sauti,
na alipofika ile ya mwisho
alisema ya kwangu.