Nta ya Sitti Verjin

Nina vichupa mia mbili na kumi na tisa
katika nyumba ya vyumba viwili, Shubra, ghorofa ya nne.
Mke wangu Nagwa ameacha kuhesabu;
huvipangusa vumbi kwa brashi ya kunyolea ya marehemu baba yake
na kunung'unika: wenzio huongeza mke, wewe waongeza chupa.

Vipo vya Muski, vilivyopulizwa kwa pumzi ya mtu,
vyembamba hata ukikohoa vinaitika.
Kimoja kina shingo ya korongo na kizibo mfano wa tone.
Kingine kilipakwa dhahabu na mkono wenye haraka,
mstari umepinda, nami nimekipendea kupinda huko.
Kipo cha ambari iliyokauka,
chini imebaki kahawia kama machicha ya kahawa.
Harufu husafiri bila miguu, wasema wauzaji.
Mimi najua huzeeka pia, ikawa kali, kama watu.

Kanuni yetu ni moja:
kilichofungwa hakifunguliwi.
Lakiri ikivunjika, nusu ya bei imekwenda na upepo.

Ijumaa moja, katika soko la vitu vikuukuu,
kati ya simu zilizokufa na viatu visivyo na pacha,
nikakiona: Layali Hilwan,
kimejaa hadi shingoni, nta haijaguswa,
karatasi yake ya buluu ina mwezi na mitende mitatu.
Muuzaji alitaka elfu mbili. Nikavaa uso wa msiba,
nikatoa elfu na mia mbili,
nikaondoka nikijizuia kukimbia.

Miezi saba baadaye kengele ikalia.
Bibi kizee wa Kiarmenia, na fimbo, ngazi zote zile.
"Mkamwana wangu aliuza kabati langu na vilivyomo.
Nimeulizia soko zima. Wakasema, mwenye wazimu wa chupa anakaa hapa."
Nagwa alikwenda kuchemsha chai, akilirudia lile neno.

Sitti Verjin alikishika kama ashikaye kifaranga.
"Karnig alininunulia mwaka tuliochumbiana.
Fundi saa; mishahara ya miezi miwili.
Akasema tutakifungua siku tutakayonunua nyumba yetu.
Basi tukapanga. Miaka hamsini na mmoja tukapanga,
nyumba za watu, na mipango yetu."

"Kwa hiyo hamkukifungua," nikasema,
roho yangu ya dukani ikitulia.

"Nilikimaliza mwaka ule ule.
Tone kwa tone, nyuma ya sikio, nikienda sinema na dada yangu.
Nikajaza maji ya maua ya mchungwa, na chai kidogo iwe rangi,
nikaziba kwa mshumaa wa kanisani.
Usiku wake wa mwisho akaniambia: Verjin, kilete, tukifungue sasa.
Nikamjibu: bado, hatujanunua nyumba.
Akageukia ukuta.
Alidhani mimi ndiye mwenye subira."

Si mimi niliyeinuka. Ni Nagwa,
akarudi na kisu cha siagi.

Nta ilitoka kipande kizima.
Chumba hakikunukia asmini, wala miski.
Kilinukia chai iliyolala,
na mbali sana, kwa kujikaza, ua moja la mchungwa.
Alijipaka kiganja cha kushoto, cha kulia, nyuma ya masikio,
akasema neno kwa Kiarmenia, halikuwa letu.

Kisha: "Ulitoa kiasi gani?"
Nikamtajia.
"Kwa chai!" Akacheka hadi akakohoa,
na vile vya Muski, rafuni, vikamwitikia.

Kichupa nilikiuza kitupu, kwa bei ya kitupu.
Nta ninayo bado, ndani ya kisahani.
Juu yake kuna alama ya gumba,
gumba jembamba, la mwanamke wa miaka kama ishirini,
aliyebonyeza upesi, ikali moto,
akisikia ufunguo mlangoni.