Herufi Mbili

Masasi na Masaya: herufi mbili tu zimetutenga.
Nilizikuta kwenye atlasi ya shule,
ukurasa wenye doa la chai,
Nikaragua imekunjwa katikati
kama risiti ya mzani.

Nikampelekea wifi yangu Filomena.
Akavua miwani, akaipangusa kwa upindo wa kitenge,
akasema, "Siku ngapi?"
Hakuuliza kwa nini. Ndiyo maana nampenda.

Usiku ule tukaondoa vyombo mezani.
Mimi ni karani wa mizani, chama cha msingi;
sijui kuhesabu kitu kisicho na kilo.
Nauli ya ndege nikaandika: tani moja na nusu kila mtu,
daraja la kwanza, kavu.
León, vitanda viwili kwenye chumba cha watu wanane: kilo kumi na mbili.
Kivuko cha Ometepe, kisiwa chenye milima miwili
iliyosimama ziwani kama mawifi walionuniana: kilo nne.
Kila kituo tukakiwekea korosho moja juu ya ramani
tusije tukakipoteza.

Tukagombana, naam.
Yeye anataka kisiwa kwanza, aoge, ndipo ateseke.
Mimi nataka Masaya, pale wanaposema
mlima umeachama, na ukichungulia usiku
unaona koo lake jekundu.
Milima yetu sisi ni mawe.
Mtandi nimeutazama miaka arobaini na mmoja
nikisubiri angalau ukohoe.

Fundi Nakoma akatushonea mabegi ya mgongoni
kwa magunia ya juti na mikanda ya gari bovu.
Tukayajaza matofali, tukapanda nayo Mtandi
siku ya Jumamosi, kufundisha mabega.
Njiani kila mtu: "Mnahama?"
Na bibi Ajelina, mlangoni kwake, mkono kifuani:
"Poleni, wanangu. Msiba uko wapi?"

Hapo nikakosa jibu.
Maana kweli: Tunduru nimefika, mazishi.
Dar nimefika, figo ya kaka.
Newala, mahari. Ndanda, hospitali,
na Ndanda tena, na Ndanda tena.
Miguu hii haijawahi kutoka nyumbani
bila kuitwa na jambo.

"Hakuna msiba, bibi. Tunakwenda kutazama."
"Kutazama nini?"
"Tukishaona tutajua."
Akayatazama matofali. Akatutazama sisi.
Akaingia ndani.

Mnada wa tatu bei ikaanguka.
Karatasi ilisomwa, watu wakanyamaza,
mmoja nyuma kabisa akacheka peke yake.
Kilo ni zilezile, safari ikafupika.
Jioni Filomena akaiondoa San Carlos, akaitafuna.
Akaiondoa Rivas.
Mwanawe Kasiani hakuuliza, akala Granada nzima,
kanisa lake, kizimbani mwa ziwa, vitanda vyetu viwili,
akajifuta mdomo.
Tulicheka hadi tukatafuta leso,
kisha Filomena hakucheka tena,
akakaa na leso.

Malipo ya pili, wanasema, mwezi wa pili.
Mwaka jana pia ulikuwa mwezi wa pili,
ukaja na mvua na mbu, pesa ikafuata Juni.
Ramani bado iko mezani.
Pale vituo vilipokaa pameota mafuta;
ukiinua ukurasa mbele ya taa
njia yote inapitisha mwanga.

Masaya haipo pale.
Iko mfuko wa koti langu la kazi,
naipapasa kwa kidole nikiandika kilo za watu.

Leo asubuhi bibi Ajelina kaja ghalani,
kapita foleni ya wakulima, hakusalimu.
"Huko mnakokwenda kutazama," kasema,
"siku ya kwanza, kabla hamjamjua mtu, mtakula nini?"
Kaniwekea furushi kwenye mzani, kaenda zake.
Ming'oko, imekaushwa, imefungwa kwa ukili.

Kilo moja na robo.
Nimeiandika.