Pasi

Neno hili nalitia makaa kila alfajiri.
Nafungua kifuniko kwa yule jogoo wa shaba
aliyevunjika upanga tangu mume wangu yu hai,
napanga vifuu, tone la mafuta ya taa, napepea.
Langoni kungali kumelala.
Punda wa Bi Kupi tu ndiye aliyeamka,
naye hana nguo ya kunyooshwa.

Nafumba maji kinywani, napuliza juu ya kanzu,
nashusha chuma,
mvuke wanipanda usoni
una harufu ya wanga na makwapa ya watu wa heshima.
Huo ndio ujira wa kwanza.
Shilingi huja baadaye, au haziji.

Siku moja nalisikia neno langu kiwanjani:
"Pasi! Pasi! We Famau, pasi!"
Nikatoka mbio na chuma mkononi, makaa yakiruka,
nikidhani nyumba ya mtu yaniita.
Watoto wakaanguka kwa kicheko.
Kumbe wataka mpira,
na mwanangu kaukumbatia kwa miguu, hampi mtu.

Miaka ikapita, akaja na karatasi.
"Mama, nimepasi."
Nikamtazama juu hadi chini:
umepasi nini, na shati lina mikunjo kama uso wa bibi yako?
Akacheka. Nikampigia lile shati,
kola mara mbili.

Kisha neno likawa kijitabu.
Kwa hicho alikwenda ofisini miezi kumi na minne,
akaulizwa babu wa babu yake kazikwa wapi,
akaulizwa tena, kana kwamba mzee yule
huenda kahama kaburi.
Kila safari nilimnyoshea suruali ileile
mpaka magoti yakang'aa kama sufuria.
Kilipotoka, kidogo, chapa ya dhahabu,
nilikipima kiganjani. Chepesi mno.
Nikasema moyoni: chuma changu kina uzito zaidi
na hakijampeleka mtu mbali.

Jana kapiga simu kutoka Doha.
Nikamwuliza kazi ya ofisi vipi.
Kimya.
Nyuma yake nikasikia *shhhh*,
nikasikia tena,
nami sauti ile siwezi kuikosea hata nikiwa usingizini.
"Ni mashine, mama. Wakanyaga kwa mguu tu,
mvuke watoka wenyewe kwenye bomba.
Mashuka ya hoteli. Mia nne kwa siku.
Usiwaambie watu."

Nikamwuliza: kola, waanzia ncha au katikati?
"Ncha, mama. Kama wewe."

Hapo ndipo nikanusa.
Kanzu ya Ustadhi Mahazi, mgongoni,
alama ya hudhurungi, imechongoka juu
mfano wa kibla.
Miaka thelathini na moja sijaunguza hata leso.

Nimempelekea mwenyewe, pasi na kisingizio,
na pesa za kitambaa kipya nimezifunga pembeni.
Kaigeuza kanzu, kaitazama alama,
kaniuliza: "Mtoto hajambo?"
Nikasema hajambo.
Yuko ofisini, nikasema.
Kisha nikarudi, nikasema kweli.